Tumepanda mlima Loleza na mizigo kamili kabla ya safari ya Kitulo–Matema: kwa nini mwenye nguvu kuliko wote ndiye aliyezimika?

#1 Kifurushi
Wakuu salaam, niende moja kwa moja.

Tuna safari ya kushuka kwa miguu kutoka uwanda wa Kitulo mpaka Matema kando ya Ziwa Nyasa, tukilala njiani kwenye mahema. Hakuna mpagazi, kila mtu na begi lake. Tukakubaliana kwamba kabla ya siku yenyewe tuonje kwanza: kila kitu cha safari kiingie begini, hema, jiko, sufuria, unga, maji, blanketi, halafu tupande Loleza hapa Mbeya na kurudi siku hiyo hiyo.

Tuko wanne. Kuna jamaa wa jimu, kifua hiki hapa, kilo 88. Kuna mwalimu. Kuna mimi. Na kuna dada mmoja mwembamba, kilo 52, ana duka Mwanjelwa ila amekulia Rungwe vijijini. Mabegi tuliyapima kwenye mzani wa muuza viazi. La dada lilikuwa kilo 16, la jamaa wa jimu kilo 19, yetu sisi wawili hapo katikati.

Kupanda, jamaa wa jimu alikuwa mbele mwanzo mwisho. Alikuwa anafika kwenye kona, anakaa kwenye jiwe, anatusubiri huku anapiga mluzi. Tukafika juu, chini ya ile minara ya simu, tukala, tukageuza. Hatujashuka hata nusu saa, mapaja yake yakaanza kutetemeka. Akaanza kushuka kinyumenyume. Baadaye akasema vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, akakaa chini na kusema yeye hapo amefika. Tukagawana mzigo wake. Dada ndiye aliyechukua hema, juu ya kilo zake 16, akashuka huku anaongea na simu.

Kesho yake jamaa hawezi kushuka ngazi za alikofikia. Dada kafungua duka kama kawaida.

Kwenye kundi letu kila mtu ana sababu yake. Nyie mnasemaje? Na je, tuendelee na mazoezi ya mzigo kamili au tupunguze? Nawasilisha.

#2 Kandambili
Nimekaa siti ya mbele. Ila jamaa wa jimu mwambieni aache kukwepa siku ya miguu.

#3 Mnyalu Asilia
Kamwene wadau. Mbona hii haina siri? Kifua cha jimu ni cha kupigia picha, mlima unapandwa kwa mapaja na pumzi. Lakini kabla sijahukumu, alikula nini asubuhi?

#4 Kifurushi
@Mnyalu Asilia mayai na uji wake wa unga wa protini. Dada alikula kiporo cha ndizi na maharage.

#5 Mama Parachichi
Uzi ufungwe, jibu limepatikana 😂😂 Kiporo cha ndizi cha Rungwe si cha mchezo.

#6 Dr wa Kijiji
Mkuu mleta mada, tuache utani kidogo.

Kupanda kunachosha moyo na mapafu. Kushuka kunaumiza msuli. Ukishuka, paja la mbele ndilo breki: msuli unajikaza huku unavutwa kuwa mrefu, kila hatua. Kazi ya namna hiyo inachana nyuzi ndogo ndogo za msuli kuliko kazi ya kupanda, na ubaya wake ni kwamba hupumui kwa nguvu, kwa hiyo unadhani unapumzika. Maumivu makali huja baadaye, kwa kawaida kati ya saa 24 na 72. Ndiyo maana ngazi za kesho yake zimemshinda.

Mwenzenu anachuchumaa na chuma jimu mara kumi, anapumzika, anajitazama kwenye kioo. Loleza ni maelfu ya hatua bila kioo.

Jambo moja la kuzingatia: mkojo wake ukigeuka rangi ya kahawia nzito, asisubiri kesho, aende hospitali siku hiyo hiyo. Msuli ulioumia sana unamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuharibu figo.

#7 Kifurushi
Ahsante dokta. Nimempigia kumuuliza habari za mkojo, kakasirika, lakini anasema uko sawa.

#8 Mgumu Mstaafu
Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi kabla ya kuhamia huku kulima viazi. Dokta kasema vizuri lakini kuna kitu mnaruka.

Huyo mtu hakuzimika wakati wa kushuka. Alizimika wakati wa kupanda, taarifa ilichelewa kumfikia. Mtu anayefika kwenye kona na kukaa kusubiri wenzake anapanda kwa mbio na kusimama, mbio na kusimama. Mwili unapoa, unawashwa tena. Kule tunamwambia mgeni "pole pole", anadhani ni salamu ya watalii. Mpagazi mzoefu utamwona anaenda mwendo mmoja kutoka getini mpaka kambini, wala hashindani na mtu.

Dada wa Mwanjelwa alikuwa na mwendo gani?

#9 Kifurushi
Mwendo mmoja. Mpaka ulikuwa unakera.

#10 Mgumu Mstaafu
Basi.

#11 Kandambili
@Mgumu Mstaafu nyie wagumu, yaani wapagazi, mnabeba kilo ngapi kule? Nimesikia 40.

#12 Mgumu Mstaafu
Kikomo ni kilo 20 na getini kuna mzani. Humo ndani kuna vitu vyako mwenyewe, kwa hiyo mzigo wa mgeni unabaki kama 15. Zamani kabla ya usimamizi ilikuwa habari nyingine, watu waliumia migongo. Kwa hiyo huyo wa jimu na kilo 19 zake alikuwa amebeba mzigo wa mgumu kamili bila kulipwa.

#13 Jirani wa Ngosi
Mimi naona ni hewa. Loleza ndio mlima mrefu kuliko yote hapo Mbeya, hewa ni nyepesi, mtu wa misuli mikubwa anahitaji hewa nyingi kuliko mwembamba.

#14 Mzee wa Uyole
@Jirani wa Ngosi kijana usipotoshe. Loleza ni mita 2,656. Kilele cha Mbeya kiko kwenye safu hiyo hiyo upande wa magharibi na kinapita mita 2,800. Mji wenyewe uko kama mita 1,700, kwa hiyo walipanda kama mita 950 hivi. Watu wa Mbeya tunaishi nusu ya njia ya kwenda huko juu, hewa gani itatushinda?

#15 Jirani wa Ngosi
Sawa mzee, urefu nimekusikia. Lakini hoja ya hewa bado inasimama. Tulijuaje kama huyo jamaa ni mkazi wa Mbeya?

#16 Kifurushi
Ehh. Hapo kuna kitu. Jamaa anafanya kazi Dar. Alifika na basi usiku wa kuamkia siku ya kupanda.

#17 Kandambili
MLETA MADA!!! Yaani unatuletea mgonjwa halafu unaficha historia ya ugonjwa?

#18 Mnyalu Asilia
Basi la Dar–Mbeya ni kutwa nzima umekunja magoti, kilomita zaidi ya 800. Hajalala, hajanyoosha miguu, katoka usawa wa bahari, asubuhi anakabidhiwa kilo 19. Mimi ningezimikia hapo mjini Sokomatola hata mlima sijauona.

#19 Dr wa Kijiji
Kukosa usingizi nakubali. Ugonjwa wa mwinuko sikubali sana. Kwa kawaida unaanza kusumbua kuanzia mita 2,500 kwenda juu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Huyu alifika juu akala. Tena shida ilianza wakati anaelekea chini, ambako hewa inaongezeka.

#20 Mgumu Mstaafu
Ila mtu wa pwani anachoka mapema kwa mwinuko hata kama haumwi. Nimewaona wengi.

#21 Mkinga Halisi
Mnabishana kuhusu mtu, mimi nataka kuona begi. Kifurushi, jibu haya: begi lake ni la aina gani, lina mkanda wa kiunoni? Hema lilifungwa wapi? Maji yalikaa wapi?

#22 Kifurushi
Begi ni la mtumba, la kijeshi jeshi, gumu kweli. Mkanda wa kiunoni halina, ulishakatwa na aliyekuwa nalo. Hema tulilifunga nje kwa chini kwa kamba. Maji dumu la lita 5 lilikaa juu upande wa kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na jiko.

#23 Mkinga Halisi
Haya sasa. Dumu la lita 5 ni kilo 5, zote bega la kushoto. Mkono uliokufa ganzi ni upi? Kushoto. Mnatafuta nini tena?

#24 Fundi Turubai
Mimi nashona mabegi na maturubai, niongeze hapo. Begi bila mkanda wa kiunoni, uzito wote unaning'inia mabegani. Ukiwa na mkanda mzuri na umeufunga juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito inahamia kwenye nyonga na miguu, mabega yanabaki kuzuia begi lisirudi nyuma tu. Hema kufungwa nje kwa chini ni kosa la pili, linakuvuta nyuma kila unapokanyaga. Kitu kizito kinakaa ndani, karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mgongo kwenda juu kidogo. Blanketi na nguo chini. Kitu cha kuchukuliwa haraka, kama koti la mvua, juu kabisa.

Na vipimo vya kulia na kushoto vilingane. Huu si ufundi mkubwa, ni kupanga tu.

#25 Dr wa Kijiji
Kuhusu ganzi, fundi na Mkinga wako sahihi. Chini ya mtulinga kunapita mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Mkanda mwembamba wenye mzigo mzito ukikandamiza hapo kwa muda mrefu, mkono unakufa ganzi na wakati mwingine unaishiwa nguvu. Askari wanaobeba mabegi mazito wanalijua tatizo hili. Mara nyingi linaisha lenyewe ukipumzisha bega, lakini ganzi ikiendelea kwa siku kadhaa akaonwe.

Hata hivyo mkanda wa begani hauelezi mapaja kutetemeka.

#26 Mama Parachichi
Naomba kuuliza swali la kijinga. Yule dada alibeba mgongoni muda wote?

#27 Kifurushi
Ndugu yangu unajua kitu wewe. Kuna sehemu ya tambarare alishusha begi, akasokota kanga akatengeneza ngata, akaliweka begi kichwani. Tulicheka.

#28 Mama Parachichi
Mlicheka 😏 Sisi tumetoka shambani na mikungu ya ndizi kichwani tangu tuko darasa la pili. Tena kwa mteremko, tena kwa tope la Tukuyu, tena mvua inanyesha. Mkungu hauna mkanda wa kiunoni.

#29 Kipunji Mweusi
Hiyo ya kichwani sio stori za vijiweni. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa akina mama wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini. Walipimwa hewa wanayotumia. Ikaonekana wanaweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada kabisa. Wanajeshi wenye mabegi ya mgongoni walikuwa hawaoni ndani.

#30 Mnyalu Asilia
@Kipunji Mweusi shikilia hapo hapo kwenye asilimia 20. Kilo 16 kwa mtu wa kilo 52 ni karibu asilimia 31. Ameshapita hiyo ofa ya bure. Kilo 19 kwa mtu wa kilo 88 ni kama asilimia 22. Kwa hesabu hizo dada ndiye aliyebeba zaidi, na akaongezewa hema, na bado akashuka anaongea na simu. Kichwa peke yake hakitoshi kueleza.

#31 Kipunji Mweusi
Mbona na wewe unahesabu upande mmoja? Goti halijui asilimia. Goti la jamaa lilikuwa linapokea kilo 107 kila hatua, la dada kilo 68. Misuli ya kifua na mikono haisaidii kushuka, ni mzigo mwingine tu ambao hawezi kuushusha akifika kambini.

#32 Kandambili
"Mzigo ambao hawezi kuushusha akifika kambini." Mkuu umeua 😂

#33 Jamaa wa Jimu
Naona nasemwa. Nimetumiwa huu uzi na mtu asiyenitakia mema.

Mkojo ni mzima. Miguu ni mizima pia na siku ya miguu sikwepi. Sasa kwa sababu mmeshanichambua kama kuku wa kienyeji, naomba niulize swali moja tu: begi langu lilipimwa kilo 19 kwa muuza viazi. Baada ya pale nani aliongeza sufuria kubwa, kilo za sukari, na viazi alivyonunua mwalimu hapo hapo kwa muuza viazi? Nilivikuta juu wakati wa kula. Kwa hiyo hizo asilimia zenu 22 mzifute.

#34 Kandambili
😳😳😳

#35 Mzee wa Uyole
Kesi imepinduka.

#36 Kifurushi
Jamani sufuria lilikuwa la wote. Na viazi havikuwa vingi.

#37 Mkinga Halisi
Kifurushi, "havikuwa vingi" ni kilo ngapi? Sisi wengine ni watu wa biashara, hatupimi kwa macho.

#38 Kifurushi
Mwalimu hajajibu simu.

#39 Mwanamatema
Nimesoma uzi wote kuanzia mwanzo na kuna jambo linanishangaza. Watu wanaenda kutoka Kitulo kuja kwetu Matema. Kitulo iko karibu mita 2,600. Maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Hiyo ni zaidi ya mita 2,000 za kuteremka ukuta wa milima ya Livingstone, mara mbili ya mteremko wa Loleza, na sehemu nyingine ni tope na mizizi. Kupanda kwenyewe ni kudogo.

Halafu mazoezi yenu yote mnazungumzia kupanda. Nani alikuwa mbele, nani alisubiriwa kwenye kona. Safari hii mtu wa mbele kwenye kupanda hana faida yoyote.

Na kingine. Kule juu miezi ya Juni na Julai umande unaganda asubuhi, unavaa kila ulichonacho. Ukifika huku chini unavua vyote, joto la Kyela unalijua mwenyewe. Yale makoti uliyovaa asubuhi yanageuka kuwa mzigo begini mchana. Mmelihesabu hilo kwenye mzani wa muuza viazi?

#40 Jamaa wa Jimu
Ndaga fijo, ahsante sana @Mwanamatema. Mtu wa kwanza mwenye akili kwenye uzi huu.

#41 Mama Parachichi
Mtu wa Dar anasema ndaga fijo. Dada wa Mwanjelwa amefundisha mengi kumbe.

#42 Mzee wa Uyole
Turudi kwenye swali la pili la mleta mada, maana mmelisahau. Mzigo kamili au nusu?

Mimi nilipita JKT enzi zile. Msimamo wangu: zoezi la mzigo kamili si la kujenga mwili, ni la kukagua vitu. Ukitembea kutwa na mzigo wote ndipo unajua kamba ipi inakata bega, buti ipi inabana kidole, jiko lipi linavuja mafuta, nani anakoroma. Ukishajua hayo, yametosha. Mwili unaujenga kwa mzigo mdogo unaoongezwa taratibu, wiki kwa wiki. Na wiki ya mwisho kabla ya safari usibebe kitu, pumzika.

#43 Mgumu Mstaafu
Naunga mkono. Wagumu hawafanyi mazoezi ya mzigo. Kazi ndiyo zoezi, na wa kwanza kuumia ni yule kijana mpya anayetaka kuonyesha.

#44 Fundi Turubai
Kuna mbinu ya maji. Jaza madumu begini badala ya mawe. Unapanda nayo yote, ukifika kileleni unayamwaga, unashuka na begi jepesi, magoti yanapona. Mchele nao unafaa kwa uzito, ila mchele wa Kyela kuutembeza mlimani ni dhambi.

#45 Mwanamatema
@Fundi Turubai hapana, hapana. Ndiyo kosa ninalosema! Ukimwaga maji kileleni umetupa zoezi lenyewe. Wao wanahitaji mapaja yazoee kushuka na uzito. Dokta thibitisha.

#46 Dr wa Kijiji
Wote wawili mna hoja. Msuli ukishapata mteremko mmoja wa wastani, mara inayofuata hauumii kiasi kile, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kushuka na uzito kidogo ni dawa. Ila kwa magoti yenye historia ya kuumia, maji yamwagwe. Na fimbo mbili zisaidie, wala si lazima ziwe za dukani. Mianzi iko tele huko.

#47 Jirani wa Ngosi
Hivi hamjauliza habari za viatu.

#48 Jamaa wa Jimu
Buti za mtumba, ngozi safi, bado mpya kabisa. Niliokota soko la Karume, Dar.

#49 Mkinga Halisi
Angalia soli. Buti nyingi za mlimani za mtumba zina soli ya katikati ya plastiki laini ambayo inaoza yenyewe ikikaa stoo miaka mingi, hata kama haijavaliwa. Kwa nje inang'aa. Siku unayotembea na uzito inameguka vipande, unarudi na ngozi ya juu tu. Ikunje, ibonyeze kwa kidole gumba pembeni. Ukiona nyufa ndogo ndogo, hiyo iache kwa kwenda sokoni. Halafu ukiwa unashuka funga kamba za juu ya kifundo kwa nguvu, vidole visigonge mbele. Kucha nyeusi zinapatikana kwa kushuka.

#50 Jamaa wa Jimu
...Kuna nyufa.

#51 Kandambili
Na mimi ndio maana jina langu liko hivi.

#52 Mnyalu Asilia
Njooni Iringa mfanyie mazoezi Udzungwa bwana. Luhombero kule ni mita 2,579, msitu mnene, siku kadhaa mnalala porini. Mbeya mnapanda mlima una minara ya simu juu halafu mnaita safari.

#53 Mzee wa Uyole
Iringa mna Gangilonga, jiwe la kwenda na wachumba Jumapili. Sisi tuna Rungwe, mlima mrefu kuliko yote nyanda za juu kusini.

#54 Mkinga Halisi
Mzee hapo tutagombana. Mtorwi uko Makete, ndani ya Kitulo huko huko, mita 2,961. Rungwe ni 2,960.

#55 Mzee wa Uyole
Kuna vitabu vinaandika Rungwe 2,981.

#56 Mkinga Halisi
Na kuna vitabu vinaandika 2,960. Chukua kipimo chako mzee tukutane juu.

#57 Mama Parachichi
Mita moja mnagombania watu wazima. Mkungu mmoja wa ndizi ukiwekwa Rungwe umeshinda.

#58 Kipunji Mweusi
Na kipunji yuko Rungwe, hilo halina ubishi. Nyani mpya aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005.

#59 Mnyalu Asilia
Kipunji yuko pia msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Walimgundua timu mbili tofauti karibu wakati mmoja, moja kwenu moja kwetu. Soma vizuri. Na si nyani, ni kima.

#60 Kifurushi
Wakuu uzi unakwenda porini. Naomba ushauri wa mahali pa zoezi linalofuata ambapo kushuka ni kwingi kuliko kupanda.

#61 Mwanamatema
Zile kona 57 za Chimala–Matamba. Pandeni na gari mpaka Matamba, shukeni kwa miguu na mabegi. Kwanza, Matamba ndiko ziliko ofisi za Hifadhi ya Kitulo, kwa hiyo mnamaliza na mambo ya vibali na mwongozaji wa safari yenu siku hiyo hiyo. Pili, mtu akizimika anapandishwa kwenye lori la viazi. Loleza akizimika mnambeba.

#62 Mgumu Mstaafu
Barabara ni ngumu kwa magoti kuliko njia ya msituni. Udongo unapokea, barabara hairudishi huruma. Pitieni pembeni, na yale malori mkae upande wa ukuta.

#63 Dr wa Kijiji
Mgonjwa wetu apumzike kwanza mpaka maumivu yaishe kabisa.

#64 Mwalimu wa Zamu
Habari zenu. Mimi ndiye mwalimu anayetajwa. Viazi vilikuwa vya chakula cha watu wote na vililiwa na watu wote, akiwemo mlalamikaji, aliyekula sahani mbili. Sababu ya kuzimika ni moja: hakunywa maji. Dumu la lita 5 alilobeba lilirudi likiwa limejaa. Anapanda na maji begani halafu hanywi.

#65 Jamaa wa Jimu
Lile dumu mlisema ni la kupikia!!

#66 Dr wa Kijiji
Maji nayo yanaweza kuwa sababu. Alitoka jasho kiasi gani, na chumvi alipata wapi?

#67 Kandambili
Tumerudi namba moja.

#68 Jamaa wa Jimu
@Fundi Turubai hilo begi la jeshi linaweza kushonewa mkanda wa kiunoni au nilitupe?

#69 Fundi Turubai
Usilitupe. Tafuta mkanda wa siti ya gari kwa wauza spea, na kipande cha godoro gumu cha kuweka ndani ya kitambaa pale nyongani. Ushonwe kwenye mshono wa chini wa begi, mishono miwili miwili, uzi wa nailoni wa viatu. Njoo nao hapa Mwanjelwa ukiwa umevaa begi lenye mzigo, nipime urefu wa mgongo wako. Usije na begi tupu.

#70 Jamaa wa Jimu
Nakuja wiki hii. Mzigo nitaupanga mwenyewe.

#71 Mkinga Halisi
Na uupime upya.